Mdogo Wangu Aliyeitwa Haramia

Juzi mkwe wangu kaniletea chupa ya mafuta ya nywele kutoka Dar es Salaam. Akayasifia kweli kweli, kwamba yana mshubiri ndani, kwamba nikipaka nitasahau kujikuna kichwa. Nikafungua, nikanusa, nikafunga. Nikamwambia ahsante mwanangu, Mungu akuzidishie, nikaiweka nyuma ya kabati, na huko itakaa mpaka siku watakayonizika. Sikutaka kumuudhi, ni mtoto mwema. Lakini harufu ya shubiri naijua tangu sijajua kuhesabu, na mimi hainipeleki kwenye urembo. Inanipeleka kwenye kifua cha mama yangu.

Wenzangu mliozaliwa wakati wa Mwingereza mtanielewa upesi. Mama akitaka kumwachisha mtoto ziwa, alikata jani la mshubiri, akaukamua ute wake wa manjano, akajipaka kwenye chuchu. Mtoto anakuja mbio na furaha zake, anadaka, anatema, analia. Kisha anarudi tena, maana hajaamini. Siku chache tu, basi, kesha kuwa mtu wa uji. Sote tulipita humo. La kwangu silikumbuki, ila la mdogo wangu Saidi nalikumbuka vizuri, kwa sababu lilikuja kabla ya wakati wake.

Kijiji chetu kilikuwa ufukweni, upande wa Pande, kusini ya Kilwa. Baba alikata mkonge kwenye shamba la mzungu karibu na Lindi, na sisi tulimwona mara moja moja, akija na doti ya kanga kwa mama na kikohozi kwake mwenyewe. Mama hakuwa mtu wa pwani. Alitoka Kiranjeranje, kwa wakulima wa mtama na muhogo, na alipoolewa hakujua hata kome anaokotwaje. Aliyemfundisha ni bibi yetu, mama yake baba, ambaye hakuchoka kumkumbusha. Alikuwa akimwambia kwamba watu wa bara huiona bahari kama shamba lililofurika, na mama alicheka. Walipendana wale wawili. Nalisema mapema, kwa sababu habari za mke na mama mkwe watu huzijua mwisho wake kabla hazijaanza, na hii si hiyo.

Sasa, msimu wa joto, shakwe walipojaa pale kwetu, alikuja ndege mwingine asiyekuwa wa kwetu. Rangi ya moshi, mkubwa kuliko kunguru, mabawa marefu yamepinda. Huyo havui. Anakaa juu huko anawatazama shakwe wanavyohangaika, na akimwona mmoja kapata samaki kammeza, anamwandama. Akigeukia huku naye yuko, akigeukia kule naye yuko, anamdonoa mkia, anampigia makelele, mpaka mnyonge wa watu anacheua alichokula. Na hakifiki majini, kishadakwa. Hakuna aliyewahi kuona kiota chake wala kinda lake. Masika yakikaribia anatoweka, na hatujui aendako. Kila mtu alikuwa na jina lake la kumwita, lakini bibi alimwita haramia, na nyumbani kwetu ndivyo tulivyomjua.

Nilimchukia ndege yule kwa chuki ambayo watu wazima hawana. Mtu mzima akichukia hutafuta sababu, akapima, akaacha. Mimi nilikuwa na sababu moja tu, nayo ilinitosha: mwenye nguvu za kuruka vile, kwa nini asivue mwenyewe?

Saidi alikuwa ameanza kutambaa, meno mawili chini, bibi alipogundua kwamba mama ana mimba tena. Aligundua kwa kumwona anatema mate ovyo akikuna nazi. Baba alikuja Idi, akaondoka, na mambo ndiyo hayo. Bibi hakugomba. Alimwita mama uani, akamwambia maneno ambayo kila mwanamke wa kwetu aliyajua: kwamba maziwa yale sasa yana mwenyewe, naye yuko tumboni. Aliye nje akiendelea kunyonya anakunywa kisicho chake. Ama ataugua yeye, ama atammaliza mwenzake ndani. Mama akaomba asubiri kidogo, angalau mtoto asimame. Bibi akasema mchelea mwana kulia hulia yeye, akaenda mwenyewe nyuma ya jiko kukata mshubiri.

Saidi alilia wiki nzima. Halafu akanyamaza, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana mtoto anayelia bado ana nguvu zake. Uji wa muhogo tulimpa, akautapika. Tukampa wa mtama aliotumiwa mama kutoka kwao, akautapika. Tumbo likavimba, miguu ikavimba, nywele zikageuka nyekundu na nyepesi, nikizishika zinabaki mkononi. Bibi hakukaa tu. Alimfunga hirizi, akamwandikishia kombe kwa mwalimu wa Kurani akamnywesha, akachimba mizizi anayoijua. Mama alimbeba mpaka kwa mganga wa serikali, mwendo wa kutwa, akarudi na unga mchungu kwenye karatasi na maagizo kwamba mtoto apewe mayai na maziwa. Maziwa ya nani? Ng'ombe hatukuwa nao, mbung'o hawakuruhusu.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Mtoto anakula, dakika si nyingi anacheua. Nani niliyemwona akifanya hivyo kila siku mbele ya macho yangu? Shakwe. Na shakwe anacheua kwa sababu gani? Basi nilijua kabisa kwamba ndege yule ndiye anayemwandama mdogo wangu, na kwamba kila anachotapika Saidi, juu kuna anayekidaka. Sikumwambia mtu. Nilianza kupigana vita yangu peke yangu. Nilibeba mawe kwenye upindo wa kanga. Nilimwekea dagaa juu ya mwamba ili ashibe atuache, wakaja kunguru wakala, wakakaa kusubiri zaidi. Na kila ndege yule alipopita juu yetu nilimziba Saidi mdomo kwa kiganja, ili kilichomo kisitoke.

Wakati wa bamvua, maji yakikupwa sana, wanawake walikwenda mwambani kuokota kome na chaza. Wakiwachemsha waliwatunga kwenye vijiti, wakawakausha, na watu wa bara walikuja kubadilishana kwa nafaka. Mama alituweka mimi na Saidi kwenye kivuli cha mikoko, yeye akaenda na wenzake. Siku moja alirudi kunywa maji akanikuta nimemziba mtoto mdomo, naye macho yamemtoka. Alininyang'anya. Alikuwa na hasira, nikadhani nitapigwa. Akaniuliza nafanya nini. Nikamweleza yote: haramia, shakwe, dagaa, kunguru.

Mama hakucheka. Alimtazama yule ndege, ambaye wakati ule alikuwa anamhangaisha shakwe mmoja juu ya mkondo. Alimtazama mpaka shakwe akatapika. Kisha akamtazama Saidi, ambaye hata kulia baada ya kuzibwa pumzi hakulia. Akaniambia nimshike. Akashuka majini mpaka kiunoni, akafungua kanga ya juu, akajisugua kifua kwa maji ya chumvi na mchanga, akasugua mpaka nikaona uchungu mimi. Akarudi akakaa akiwapa mgongo wanawake wenzake, akampakata mtoto.

Saidi alikataa. Aligeuza uso, kwa sababu alikumbuka ule uchungu. Mama akakamua tone moja akamdondoshea mdomoni. Mtoto akalamba. Akatulia kidogo. Halafu akadaka, na nikamsikia anameza. Nilikuwa sijamsikia akimeza hivyo siku nyingi.

Nikaogopa. Nikamwambia mama kwamba bibi alisema maziwa yale si ya Saidi.

"Najua alichosema," mama alijibu, hakuinua kichwa. "Tumboni yuko mtu, simjui bado. Huyu namjua."

Akaniambia hiyo ni siri yetu, na mimi siri naweza. Tangu siku ile alimnyonyesha kila alipopata upenyo: mwambani, kisimani, porini tukienda kuni. Hayakuwa mengi, lakini yalikuwepo. Na kabla ya kurudi nyumbani alitoa kipande cha jani la mshubiri alichokifunga kwenye pindo la kanga, akajipaka upya, ili akipita karibu na bibi anukie anavyotakiwa kunukia. Ndiyo maana nasema harufu ile naijua. Nilitembea nyuma yake mara nyingi.

Saidi akarudi. Kwanza alilia, nami sijawahi kufurahia kilio kama kile. Kisha miguu ikanywea, uji ukakaa tumboni, akasimama kwa kushika ukuta. Bibi akatoa sadaka, akamshukuru mwalimu kwa kombe lake. Mama akaitikia amina. Mimi nilijua si kombe, na kusema kweli sikudhani hata kwamba ni maziwa. Nilijua ni mimi. Kwa sababu masika yalipokaribia haramia akatoweka, na niliwatambia watoto wenzangu kwamba nimemfukuza kwa mawe. Bibi, ambaye alizoea kuniita mke mwenzie, alinisifu kwamba nimemlinda mume wetu. Mume wetu, yaani Saidi.

Mama alijifungua mchana, mvua ikinyesha. Tuliwekwa nyumba ya jirani, mimi na Saidi, na kazi yangu ilikuwa kutega sikio nisikie vigelegele. Nilitega. Mvua ikakatika, na nikaendelea kutega. Baadaye yule jirani akaingia akanishika kichwa, nami nikaelewa kwamba vigelegele havitakuja.

Alikuwa mtoto wa kike, ametimia, ana nywele. Hakulia hata mara moja. Wanaume wakamfunga kitambaa cheupe wakaenda naye, na walirudi upesi, maana kaburi la namna ile ni fupi.

Turudi ndani sasa. Wanawake wamejaa chumbani, wamekaa mkekani, mama kaegemea ukuta. Siku ile hapakuwa na aliyekumbuka mshubiri. Saidi aliponyoka mikononi mwangu. Alikuwa ameshajua kutembea, amenenepa, anayumba. Akapita katikati ya wanawake wote wale, moja kwa moja mpaka kwa mama, akaingiza mkono ndani ya kanga kama mwenye nyumba anayefungua mlango wake.

Bibi alimtazama mtoto, akamtazama mama.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Sikuweza kuacha, mama," mama alisema.

Bibi hakupiga kelele. Natamani angepiga. Alikaa chini taratibu, akaweka mikono kichwani, akasema, "Basi tulimlea haramia wenyewe."

Na mama, mama yangu aliyejisugua kwa mchanga mpaka akachubuka, aliushika mkono wa Saidi akautoa kifuani. Akamsukuma. Si kwa nguvu, lakini mtoto alikaa chini kwa kishindo, akamwangalia, hajaamini. Akarudi. Akamsukuma tena. Maziwa yalikuwa yanatoka yenyewe yamelowanisha kanga, na yule ambaye yalikuja kwa ajili yake alikuwa ardhini. Wanawake wakaleta kitambaa wakamfunga kifua mama, wakakaza fundo. Saidi aliachishwa ziwa siku ile, safari hii bila shubiri.

Mnajua utani wa pwani. Neno likishatoka halirudi, linazunguka, watu wanalivalisha kicheko, linakuwa jina. Bibi hakumwita tena mume wangu. Alimwita Haramia, na alimwita kwa upendo, akimbeba mgongoni, akimtafunia nyama. Ninaapa alimpenda. Kijiji kikafuata, chuoni wakafuata, baba aliporudi akalikuta jina naye akalishika bila kuuliza. Mama peke yake alimwita Saidi. Lakini mama hakumtazama akila. Alimpakulia, akamsogezea, kisha akageukia moto, akachochea hata pasipo haja. Nilidhani watu wengine hawaoni. Saidi aliona.

Ilinichukua miaka kuelewa jambo moja, nalo linaniuma mpaka leo. Nilizoea kufikiri kwamba mama alikuwa mjanja kuliko bibi, kwamba pale mwambani aliona kuwa yale ni maneno ya wazee tu. Hapana. Mama aliamini. Aliamini neno kwa neno, kama bibi, kama wote. Alipompa Saidi ziwa aliamini kwamba anampokonya mwingine, na akampa. Alichagua akijua, au akidhani anajua, na kwa mama ilikuwa ni mamoja.

Saidi aliijua sababu ya jina lake kwenye arusi, kwa mpishi mmoja mwenye mdomo. Yeye alikuwa bado mvulana wakati huo. Alikuja akaniuliza kama ni kweli kwamba alimla dada yake. Nikamwambia ni ujinga, watu wanasema mengi. Ila tangu hapo, tukikaa kwenye sinia, mkono wake haukufika katikati. Alikula ubwabwa wa pembeni, na kipande cha samaki kikiangukia upande wake alikisukuma kwa kidole kwenda kwa mwingine. Alifanya hivyo kwa utaratibu, wala hakutaka ionekane. Akawa mtu mzima, akaoa, akazaa, akawa fundi wa kuezeka anayetafutwa mpaka Rondo, na kwenye sinia alibaki vile vile. Watu walisema ana adabu. Mkewe alilalamika kwamba kumpikia mtu asiyekula kinono ni kazi bure.

Mimi nilipopata mimba juu ya mtoto anayenyonya, nilikuwa Lindi mjini. Nikakimbilia kliniki nikilia. Nesi akanipokea, mwanamke wa Kimakonde, mpole. Akaniambia nyonyesha tu, kula vizuri, maziwa hayamwibii mtu. Nikamwuliza mara mbili. Nikamweleza habari ya mdogo wetu wa kike, akasema watoto hufa tumboni kwa mambo mengi, homa tu inatosha, na mama yangu alikuwa anafanya kazi kwenye maji na mimba yake. Nilinyonyesha. Wote wawili wako hai, mmoja ndiye mume wa huyu mwenye chupa ya mafuta.

Nikafunga safari kumpelekea mama habari. Nilidhani nampelekea zawadi. Alikuwa anapepeta mtama. Alisikiliza mpaka mwisho, ungo umetulia magotini. Nilitegemea alie, au ashukuru. Alisema tu, "Usimwambie Saidi."

Nikamwuliza kwa nini, wakati huu ndio msamaha wake.

"Atajua kwamba nilimsukuma bure," mama alisema. Akaendelea kupepeta.

Nikatii. Mama alijaliwa umri mrefu, akafa kikongwe, tukamzika karibu na bibi. Saidi naye hakumaliza mwaka baada yake. Ugonjwa wa koo ulimkamata, akapungua mpaka akanirudisha kule nyuma nilikokuwa sitaki kwenda: mashavu yale, mikono ile. Nilikaa naye hospitalini, na mchana mmoja, mkewe alipotoka kwenda kufua, nikaona kwamba mwenye siri hayupo tena na mwenye haki yake anaondoka. Nikamwambia. Nikamwambia habari ya nesi, na mwambani, na mama alivyojisugua kwa mchanga, na alivyosema huyu namjua. Nikamwambia hukumla mtu, Saidi. Hukuwahi.

Alikaza macho kwenye dari. Nikadhani amekasirika, na angekuwa na haki.

"Yaani, dada," akasema kwa ile sauti yake iliyokwaruza, "minofu yote ile nimewaachia bure?"

Akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, mimi nikicheka na kulia, mpaka wagonjwa wenzake wakatugeukia. Alipotulia akasema anataka samaki. Tena tumbo lake, pale penye mafuta. Nikatoka mbio na miguu yangu hii mibovu, nikamtafuta mama ntilie mmoja, nikanunua changu mzima wa kuchemsha, nikarudi naye angali moto. Nikamtolea miiba yote. Nikambandulia tumbo, nikamwekea katikati ya sahani, sahani ya peke yake.

Alichukua kipande, akakitafuna kwa muda mrefu, akakimeza kwa taabu. Nikamwambia chukua kingine. Mkono wake ukashuka kwenye sahani, na kidole kikakisukuma kipande kilichonona kuliko vyote mpaka ukingoni, upande wangu.

"Malizia wewe, dada," alisema. "Mimi nimeshiba."